Vijiti Tisa

Wiki ya 1, Jumatatu

Shule imefunguliwa. Daftari hili lilikuwa la maandalio ya hisabati, lakini mkuu wa shule ametugawia mapya na mimi situpi karatasi safi. Nitaandika humu mambo ya mdogo wangu. Kuanzia leo yana tarehe na vipimo, na kitu chenye vipimo huandikwa.

Mdogo wangu ni fundi saa. Watu wote wanamwita Dakika. Hata marehemu mama alimwita hivyo mpaka mwisho wake. Ana miaka thelathini na minane. Miaka sita iliyopita kidole gumba cha mkono wa kulia kilikufa ganzi, akadhani ameulalia mkono. Leo anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia unaburuta, na kibano cha kushikia magurudumu ya saa kinamponyoka. Ugonjwa unaitwa multipo sklerosisi. Daktari wa neva alitueleza kama fundi umeme: waya zipo, ila kinga ya mwili wake mwenyewe inabandua plastiki ya juu, na palipobanduka umeme unavuja.

Leo daktari ametuita. Kuna utafiti. Wanachukua kipande cha ngozi ya mgonjwa, kidogo kuliko kucha ya mtoto, wanazirudisha nyuma seli zake mpaka ziwe seli shina, kisha wanazirekebisha maabara ili zikiingia mwilini ziitulize ile kinga na kusaidia kufunika waya upya. Zinaingizwa kwa sindano ya mgongo. Mara tatu alirudia kwamba hajaahidi kuponya.

"Nikiweza kuusimamisha hapo ulipofika, nitashukuru," alisema.

Wanachukua watu kumi na wawili. Waliojiandikisha ni arobaini na mmoja. Kutakuwa na vipimo vinne, na jibu mwishoni mwa muhula. Nimewahi kufaulisha watoto kwa nafasi finyu kuliko hizo.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kipimo cha kwanza. Joto kali, na joto humlegeza Dakika kama mshumaa. Tulimfikisha hospitali mimi na wifi yangu, mkewe, tukiwa tumemshika huku na huku.

Muuguzi wa vipimo ni mama mpole mwenye saa ya kuhesabia inayoning'inia shingoni. Aliweka mezani ubao wenye matundu tisa na kisahani chenye vijiti tisa. Unachukua kijiti kimoja kimoja, unajaza matundu, kisha unavirudisha kisahanini kimoja kimoja. Ni hivyo tu. Mtoto wa chekechea anamaliza na kuomba aongezewe. Dakika, aliyekuwa akifungua saa ya mkononi na kuifunga huku anapiga soga, alitumia sekunde arobaini na moja kwa mkono wa kulia. Shati lilimlowa mgongoni.

Fomu ya utafiti ina kurasa kumi na tisa. Nilisoma masharti ukurasa wa tatu: mshiriki aweze kutembea mita mia bila kupumzika, fimbo inaruhusiwa, ubao usizidi sekunde sitini. Arobaini na moja mpaka sitini si mbali. Akishuka kidogo tu wakati wa vipimo, ametoka. Nikaifunga fomu. Nilishajua mtihani ni upi.

Wifi yeye aliendelea kusoma, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. "Wifi, huu ukurasa wa kumi na nne una maana gani hapa, 'kipindi cha uangalizi'?"

"Hayo ni ya wanasheria, wifi. Wewe weka sahihi ya shahidi."

Akaweka. Nina tabia ya kuwapa watu alama, wanafunzi wangu wanaijua. Wifi nampa nne kwa kumi. Wanaishi vyumba vya nyuma vya nyumba yangu, kwa hiyo namwona kila siku. Asubuhi mumewe anahangaika na vifungo vya shati dakika kumi nzima, naye amekaa pembeni anakunja nguo, hanyanyui mkono. Nikiingia nikamfunga mimi, ananitazama kama nimemwibia.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimemwomba mwalimu wa ufundi anitobolee ubao. Amekata mbao ya dawati bovu. Akaniuliza ni wa nini, nikamwambia ni wa somo la uwezekano.

Wiki ya 2, Ijumaa

Jumanne jioni matundu tulikuwa nayo, vijiti hatukuwa navyo. Dakika akacheka. "Dada, vile vijiti nilivishika. Unene ni milimita sita na nusu, urefu thelathini na mbili. Niletee fito ya shaba."

Amekaa siku tatu mbele ya jiliwa lake la kubania vyuma, msumeno mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu. Kijiti cha kwanza alikitupa, cha pili akakitupa. Jioni hii ametimiza tisa, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Sijamwona na uso ule tangu afunge benchi lake la kazi. Kibanda chake cha saa sasa anakaa wifi, anabadilisha betri na mikanda.

Tumeanza mazoezi. Saa moja kila siku nikitoka shule.

Wiki ya 3, Jumatatu

40.

Wiki ya 3, Jumatano

38. Nimemfundisha aanzie tundu la mbali, arudi karibu.

Wiki ya 3, Ijumaa

Joto. Hakuweza kuinua mkono. Tukaacha.

Wiki ya 4, Alhamisi

36. Mtihani ni mazoea, nawaambia watoto kila mwaka, wala sijawahi kuumbuka. Watahiniwa wangu wananiita Kikokotoo nikigeuza mgongo. Wanadhani sisikii.

Wiki ya 5, Jumatano

Kipimo cha pili. 34. Mita mia alizimaliza, jasho likimdondoka kidevuni. Muuguzi alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Unafanya vizuri," alimwambia.

"Nina mwalimu mkali," Dakika akajibu, akanikonyeza.

Furaha niliyokuwa nayo sikuweza kuificha. Nimemnunulia shati jipya. Wifi alilipokea, akalitazama, akasema, "Lina vifungo vidogo." Hakuna kinachomridhisha. Tatu kwa kumi.

Wiki ya 5, Jumapili

Wifi amekuja jikoni kwangu, amesimama mlangoni kama mgeni.

"Wifi, jana ameanguka bafuni. Juzi pia. Vikombe vimebaki viwili, vingine vyote amevunja. Ukiwa shuleni analala tangu asubuhi ili apate nguvu ya mazoezi yako ya jioni. Ukiondoka, hajiwezi mpaka kesho yake."

Nikamwambia kila mtahiniwa huchoka.

"Huyu si mtahiniwa. Mwache waone alivyo."

"Waone alivyo halafu wamtoe? Wewe unataka apone au unataka kukaa kibandani kwake?"

Aligeuka akaenda zake. Nakiri nilivuka mpaka, lakini kuomba radhi kungemfanya adhani ana hoja. Nimebaki na kisirani siku nzima.

Wiki ya 6, Jumanne

33. Dakika ameniuliza, "Dada, ile fomu unayo wapi?" Nikamwambia iko kabatini, asiumize kichwa. Akasema sawa.

Wiki ya 7, Alhamisi

Kikao cha walimu. Saa mbili nzima tumejadili rangi ya soksi za wanafunzi. Sina la kuandika.

Wiki ya 8, Jumatatu

Mvua imeanza, na hewa imepoa. Mazoezi ya kutembea tumeyahamishia kwenye baraza refu la shule, watoto wakishaondoka. Natembea mbele yake nikirudi kinyumenyume, nahesabu. Mguu wake wa kulia unachora mstari kwenye vumbi la chaki. Leo mstari umekatika mara mbili tu.

32 kwenye ubao.

Wiki ya 9, Jumatano

Kipimo cha tatu. Mvua tangu alfajiri, baridi, na Dakika mwepesi. Sekunde thelathini na moja. Mtu mwenye mkono mzima hutumia ishirini hivi. Nilitaka kupiga makofi.

Muuguzi aliandika, akabaki ameshika kalamu. "Hujashuka hata kidogo," alisema. "Umepanda." Kisha kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Sijui daktari atasemaje."

Niliichukua kuwa sifa. Njiani nilimwambia wifi, "Umesikia? Hata daktari atakosa la kusema." Wifi alikuwa ametazama dirishani. Dakika alifumba macho, nikadhani amelala.

Wiki ya 10, Jumamosi

Naandika haya polepole, nisiruke neno.

Asubuhi nilikuwa napanga kabati. Fomu ikaanguka, ikafunguka. Nilipoinama nikaona mistari iliyopigwa kwa kalamu ya risasi, chini ya kila neno, kama wasomavyo watu ambao kusoma kwao ni kazi. Ulikuwa ukurasa wa kumi na nne. Naunakili, kwa sababu lazima niuone kwa mwandiko wangu mwenyewe:

"Mshiriki atakayechaguliwa awe ameonyesha kushuka kwa uwezo wa mkono kusikopungua asilimia ishirini kati ya kipimo cha kwanza na cha nne. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia hatawekwa kwenye hatari za tiba ambayo usalama wake bado unachunguzwa."

Asilimia ishirini ya arobaini na moja ni nane na nukta mbili. Alitakiwa afike arobaini na tisa na nukta mbili au zaidi, asivuke sitini. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuingia. Wao walikuwa wanatafuta mtu anayezama, na mimi kwa mikono yangu nimemfundisha kuonekana anaelea.

Miaka ishirini na mbili nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia wasome swali lote kabla ya kujibu. Nimewahi kumpa mtoto sifuri kwa kosa hilo, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Nilikwenda vyumba vya nyuma na fomu mkononi. Dakika alikuwa kitandani, wifi anamkanda mguu. Nikasoma ule mstari kwa sauti. Hakuna aliyeshtuka.

"Mlijua," nikasema.

"Tangu wiki ya sita," Dakika akasema. "Mke wangu alinisomea. Tulikaa nayo siku mbili mpaka tukaielewa."

"Na ukaniacha niendelee?"

"Nilitaka kukwambia. Kila ukirudi unaingia na ubao kwapani, umefurahi. Hujafurahi hivyo tangu mama afe." Maneno siku hizi humjia polepole. "Na mimi pia, dada. Kila kitu ninachoshika siku hizi kinaharibika. Kikombe, kijiko, saa za watu. Ule ubao ndio kitu pekee ambacho leo nakifanya vizuri kuliko jana. Nikajiambia labda watanichukua hivyo hivyo. Nilijidanganya, najua."

Wifi hakuinua kichwa. Aliendelea kukanda, kuanzia kwenye nyonga mpaka kwenye kisigino. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Ningekuwa mimi ningesema, tena ningerudia. Yeye aliuliza tu kama nimekunywa chai.

Wiki ya 10, Jumapili

Nimemwambia Dakika kipimo cha mwisho aende polepole. Ahesabu mpaka tano kwa kila kijiti. Sijawahi kumfundisha mtoto kudanganya katika maisha yangu, na nimelisema bila kumeza mate.

Wifi ndiye aliyekataa. "Hana haja ya kuigiza ugonjwa, anao. Mwache siku hizi kumi bila ubao. Siku hiyo tusimlaze mchana, tusimchagulie saa. Mpeleke alivyo."

Nikasema sawa. Ubao nimeufungia shuleni, kwenye droo yangu.

Wiki ya 11, Jumanne

Nimepita kibandani kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Wifi alikuwa ameinamia benchi, lenzi jichoni, kibano mkononi, saa ya kike ikiwa imefunguliwa mbele yake mpaka springi. Nilisimama nje mpaka akamaliza. Akaifunga, akaisikiliza sikioni kama afanyavyo Dakika.

"Nani amekufundisha?"

"Yeye. Mwaka wa nne huu. Mwenye kuongea ni yeye, mwenye kushika ni mimi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Alisema ungeanza kunipa mitihani."

Tukacheka wote wawili, na mimi nikacheka mpaka machozi yakatoka, nayo hayakuwa ya kicheko. Nikamwomba radhi kwa yale ya jikoni. Akasema ameshasahau. Hajasahau, lakini ameniambia amesahau. Nilimuuliza na lile jingine, la vifungo, kwa nini hamsaidii.

"Akishindwa huniita," alisema. "Asiponiita, ni vyake."

Wiki ya 11, Ijumaa

Mvua. Nimekuwa mtu wa kuomba jua. Joto humshusha Dakika, na nataka siku ya kipimo iwe ya joto la kuyeyusha lami. Nani anamwombea ndugu yake hivi? Asubuhi amekosa mdomo kwa kijiko mara tatu, na mimi nikawaza, vizuri. Niliwaza hivyo kweli.

Wiki ya 12, Jumatano

Mvua. Baridi. Watu wamevaa masweta.

Tulimpeleka alivyo. Hakulala mchana wa jana, usiku alilala vibaya. Asubuhi vifungo vya lile shati jipya vilimshinda. Alifunga viwili, vilivyobaki akamwita mkewe. Kutoka getini mpaka chumba cha vipimo tulipumzika mara mbili. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na matumaini ya kweli.

Mita mia alizimaliza. Kumi za mwisho sijui alizitoa wapi, mguu ulikuwa unatetemeka kama cherehani, lakini alizimaliza.

Kisha ubao.

Muuguzi alisema, "Haya, anza," na mkono wa Dakika ukaondoka. Naeleza nilichokiona. Bega lilikuwa limelegea, uso umechoka, kichwa kimeinama upande, na chini ya vyote hivyo mkono ulikuwa unafanya kazi peke yake. Tundu la mbali kwanza, kisha unarudi karibu, kama nilivyoufundisha. Kijiti, tundu, kijiti, tundu. Alinitazama mara moja, katikati, na macho yake yalikuwa yanaomba msaada. Sikuwa na msaada.

"Thelathini na tatu," muuguzi akasema.

Dakika aliweka mkono mapajani, akaufunika kwa mwingine. "Nilitaka mkono uchelewe," aliniambia taratibu. "Umekataa."

Hapo nikasahau umri wangu. Nilimwambia muuguzi hiki si kipimo, mkono huu haujui kitu kingine chochote duniani isipokuwa huo ubao. Nikamwambia amfungue vifungo vya shati, amwambie avifunge, kisha apime. Nikamwambia ampe kikombe. Sauti yangu ilifika barazani, watu wakachungulia.

Muuguzi alingoja nimalize. Hakukasirika. "Kifungo hakimo kwenye fomu, mwalimu," alisema.

Wifi ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje.

Wiki ya 12, Ijumaa

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nilimpelekea ubao, vijiti, na daftari hili. Nilimfungulia kurasa: 40, 38, 36. Alisoma zote. Alichukua kijiti kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Alitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Vimefanana kabisa na vyetu." Akakiweka chini. "Tunajua watu huzoea kipimo kidogo. Tunaruhusu majaribio mawili ya mwanzo kwa ajili hiyo. Hatukutegemea mtu akae nacho nyumbani wiki nane."

Nilimwambia kosa ni langu, amwadhibu mimi. Maneno ya kitoto, lakini ndiyo yaliyotoka.

"Hakuna anayeadhibiwa. Nina namba nne, na zinasema mkono wake umetulia. Namwona kwa macho yangu kwamba haujatulia. Nikimwingiza kwa macho yangu, utafiti wote unakuwa maneno yangu tu, na wale kumi na wawili watakuwa wamechomwa sindano bure." Alivua miwani. "Orodha imefungwa jana jioni. Ijayo itakuwa mwakani, tukipata matokeo ya kuendelea. Masharti ni yale yale. Mita mia, na ubao usizidi sitini."

Nilimuuliza kama mwakani Dakika atakuwa ndani ya masharti. Hakunipaka mafuta. Alisema hajui, na kwa jinsi alivyolitamka nilijua anajua.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa.

Nimewaambia wote wawili jioni, tukiwa mezani. Dakika alisema, "Basi," akaomba chumvi. Wifi alimsogezea karibu na mkono, akamwachia aichukue mwenyewe. Ilimchukua muda. Sikuingilia.

Wiki ya 13, Jumatatu

Mtihani wa mwisho umeanza. Nimesimama mbele ya watahiniwa tisini na sita, kama kila mwaka, kuwasomea maelekezo. La kwanza linasema: soma maswali yote kabla ya kuanza kujibu. Nililisoma kimoyomoyo, nikarudia tena na tena. Watoto wakanitazama, wakatazamana. Mwalimu wa ufundi, tuliyekuwa tunasimamia naye, akanichukua karatasi akasoma yeye.

Wiki ya 13, Jumatano

Dakika ameamka haoni vizuri jicho la kushoto. Mkono wa kulia mzito. Hospitali wamemlaza, wanampa dawa ya kutuliza kwa dripu.

Wiki ya 13, Alhamisi

Bado.

Wiki ya 13, Ijumaa

Shule imefungwa. Daktari amesema ni shambulio, huenda kubwa kuliko yote yaliyopita. Nimemuuliza kama mazoezi yangu ndiyo yaliyolileta. Akasema hapana, hayana uhusiano. Ugonjwa huja kwa ratiba yake. Namwamini. Ila lingekuja wiki mbili kabla, lingempeleka kwenye orodha, na hilo nalo nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Muuguzi wa vipimo alipita wodini. Hakuwa na saa yake shingoni. Alikaa na Dakika, akamuuliza saa ya ukutani kwake inakimbia kwa nini, naye Dakika akamweleza kwa utaratibu, neno kwa neno, huku jicho moja limefungwa bandeji. Wifi alikuwa anakubali kwa kichwa.

Likizo, wiki ya 2, Jumanne

Amerudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Jicho limerudi nusu. Mguu haujarudi.

Likizo, wiki ya 3, Jumapili

Mvua imekatika. Jua kali, la lile joto nililoliomba.

Baada ya chakula Dakika alisema, "Dada, niletee ubao."

Nikamwambia ubao sina. Akasema anajua uko kwenye mkoba wangu, ameuona unavyoning'inia. Ni kweli. Tangu nitoke nao kwa daktari nimeshindwa kuutupa na nimeshindwa kuuweka mahali.

Nilimwekea mezani. Wifi alisogeza vyombo, akakaa upande wa pili na kikapu chake cha nguo. Dakika aliniomba nishike saa.

"Ya nini sasa?"

"Shika tu."

Nikabonyeza. Kijiti cha kwanza kilimchukua muda niliozoea kumwona akimaliza vyote. Cha pili kilianguka mezani, akakisukuma mpaka ukingoni akakishika. Cha nne kiliviringika kikaangukia sakafuni, kikaingia chini ya kabati. Niliinuka nusu. Wifi aliendelea kukunja, lakini alinitazama, nikakaa. Dakika aliegemea kiti, akapumua.

"Mke wangu," alisema, "nisaidie hicho."

Akainama, akakitoa, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akamwekea kisahanini. Akaendelea. Hakuanzia tundu la mbali. Alianzia lililokuwa karibu na mkono, kisha lililofuata, kila moja akilitafuta kwa kidole kwanza. Jasho lilimtiririka. Nje watoto wa jirani walicheza mpira mpaka wakagombana mpaka wakapatana. Alipokirudisha cha tisa kisahanini, nilibonyeza.

"Nimepata ngapi?" aliuliza, kwa sauti ile ile wanayoniuliza watoto.

Miaka yote hii nimekuwa na la kuongeza kwenye swali hilo.

"Dakika nne na sekunde kumi na mbili," nikasema.

"Mkono wa kulia?"

"Wa kulia."

"Andika."

Nimeandika.